Kwa Nini Ndoo Zililingana

Nimebangua korosho kwa mikono yangu kabla ya kuwasimamia wabanguaji. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia nimesomea tabia za watu kazini hudhani nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha ofisi. Mimi niliingia kiwandani kama wasichana wengi wa Mtwara wanavyoingia: shangazi alikuwa akifanya kazi humo, akanipitia alfajiri, akaniambia nivae nguo ya kuchafua na nisibishane na mtu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: korosho ghafi hupikwa kwa mvuke, huachwa zipoe, kisha huletwa mezani. Mmoja hukanyaga pedali huku akivuta mkono wa mashine, visu vinakutana, ganda linapasuka. Mwenzake huchokonoa karanga kwa ncha ya kisu kidogo. Ganda lina mafuta yanayounguza. Usipojipaka mafuta au majivu kila mara, ngozi ya vidole inabanduka, na jioni hata kumega ugali ni adhabu. Karanga ikitoka nzima ina bei. Ikivunjika inashuka daraja na msimamizi anakunja uso. Mwisho wa zamu ndoo inapanda mizani, karani anaandika, na malipo yanakwenda kwa kilo.

Mtu anayelipwa kwa kilo, utasema, atajaza kadiri awezavyo. Meza yetu, iliyokuwa karibu na dirisha, haikufanya hivyo. Ilikuwa na kipimo chake. Hakuna aliyekitangaza wala kukiandika, lakini ndoo zote zilifika kwenye mizani zikiwa zimekaribiana uzito, ya mwenye mkono mwepesi na ya mwenye macho yaliyoanza kuchoka. Mkubwa wa meza alikuwa bibi mmoja wa Kimakonde mwenye chale mashavuni, ambaye kiwanda hakikuwahi kumpa cheo chochote. Siku moja, nikiwa bado mgeni, mkono ulichangamka nikajaza mapema. Bibi akainama, akachota konzi mbili za karanga kwenye ndoo yangu, akazimimina kwenye ndoo ya mama mmoja aliyekesha na mtoto mwenye homa. "Mwanangu," akaniambia, "korosho haziishi."

Nilidhani ni huruma tu. Siku chache baadaye nikajaza tena, safari hii ndoo nikiwa nimeiweka upande wa ukutani ili isionekane. Kesho yake nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa imekaliwa, na kisu changu hakionekani. Dada aliyekaa mkabala nami alikuwa amejifunga khanga ambayo maneno yake yalinisema kutwa nzima. Kila nilipoinua macho alikuwa akiinyoosha upindo ili herufi zisomeke. Jioni ndoo yangu ikaitwa ya mwisho. Sikutukanwa, sikuguswa, wala halikutokea jambo ambalo ningeweza kulipeleka kwa msimamizi likaitwa shtaka. Nikarudi kwenye kipimo.

Nyumbani mama alisema huo ni wivu: ndivyo wanawake walivyo, hawapendi kuona mwenzao anatangulia. Meneja, kama nilivyokuja kumsikia baadaye, alisema ni uvivu: watu wa pwani wakishapata cha jioni hawaoni haja ya zaidi. Nilipopanda cheo nikawa nayatumia maelezo yote mawili, hili au lile, kutegemea nimekaa na nani.

Kupanda kwenyewe hakukuwa na maajabu. Karani wa mizani aliacha kazi katikati ya msimu, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nikakabidhiwa daftari. Baadaye nikapewa zamu nzima. Kilichoniuma ni kwamba wale walioniita "mwanangu" walianza kuniita "madamu", hata shangazi yangu mwenyewe tukiwa ndani ya geti. Nikikaribia meza, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua na bei ya dagaa.

Chuo nilijiandikisha kwa ajili ya cheo, sina haja ya kulipamba. Nilitaka cheti cha kunitoa kwenye vumbi la maganda. Nikachagua Chuo Kikuu Huria kwa kuwa unaweza kusoma huku unafanya kazi, masomo ya biashara, na kwenye orodha ya masomo ya lazima kulikuwa na hilo la tabia za watu katika taasisi, ambalo wanafunzi tuliliita OB, kwa kifupi cha Kiingereza. Wenzangu walilidharau. Uhasibu una majibu, walisema. Hili ni porojo. Nami nililiweka mwisho, mpaka mtihani ulipokaribia.

Sura iliyonikalisha chini ilihusu kiwanda kimoja cha Marekani. Hawthorne kilikuwa kiwanda kikubwa cha kampuni ya Western Electric, pale Cicero kando ya Chicago, kikitengeneza vifaa vya simu, na kilikuwa na wafanyakazi wanaofikia 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1924 watafiti walianza kupima kama taa zenye mwanga zaidi zinaongeza kazi. Wakaongeza mwanga, kazi ikapanda. Wakapunguza, bado haikuanguka kama walivyotarajia. (Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, nasoma kwa tochi ya simu, nilicheka peke yangu.) Kuanzia 1927 wakawatenga wasichana watano waliokuwa wakiunganisha swichi ndogo za simu, na wa sita wa kuwaletea vipande, kwenye chumba chao, wakabadilisha mapumziko, saa na chakula, wakihesabu kila swichi. Elton Mayo wa Harvard aliingia baadaye kidogo, na jina lake ndilo lililobaki vinywani.

Lakini chumba kilichonishtua ni cha pili, kile walichokiangalia kuanzia mwisho wa 1931 hadi 1932. Humo walikuwamo wanaume 14, wafunga nyaya, walehemu na wakaguzi, na mtafiti mmoja kwenye pembe akiandika kimyakimya. Wanaume hawa walilipwa kwa mpango ambao kazi ikizidi pato linazidi. Na walikuwa na kipimo chao. Vifaa viwili kwa siku, basi. Aliyezidisha alizomewa kwa majina ya kejeli. Aliyepunguza naye alikuwa na jina lake. Mkaidi alipigwa ngumi ya begani, si ya kuumiza sana, ya kukumbusha. Aliyemaliza zaidi alificha ziada akaitoa siku ambayo mkono ni mzito, ili daftari lionyeshe mstari ulionyooka.

Nilisimama nikatembea uani. Ile ngumi ya begani niliijua. Kwetu ilivaliwa kiunoni na ilikuwa na maandishi. Kile ambacho mama alikiita wivu wa wanawake kilikuwa kimefanywa na wanaume wa Chicago kabla mama hajazaliwa, na kile ambacho meneja alikiita hulka ya watu wa pwani kilikuwa kimefanywa na watoto wa wahamiaji wa Ulaya kwenye baridi ya Illinois. Maelezo yangu yote mawili yalianguka usiku mmoja, na sikuwa na la tatu.

La tatu nililikuta kwa mtu ambaye kitabu kilimtambulisha kama adui wa wafanyakazi. Frederick Taylor, yule wa kupima kazi kwa saa, aliandika kitabu chake maarufu mwaka 1911. Kitu ambacho wengi hawakitaji ni kwamba alianzia chini. Baba yake alikuwa na uwezo, angeweza kwenda Harvard, lakini aliingia kwenye karakana, na mwaka 1878 akawa kwenye kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, akakaa mbele ya mashine na wenzake, kisha akapandishwa awasimamie. Kwa miaka akapigana nao kuhusu kasi ya kazi. Na ameandika waziwazi kwamba tatizo kubwa la wanaume wale halikuwa uvivu wa kuzaliwa. Walipunguza mwendo kwa pamoja kwa sababu ya uzoefu: mtu akionyesha anaweza kutoa zaidi, mwajiri anashusha malipo ya kila kipande, naye anajikuta anakimbia ili apate kilekile cha jana. Taylor alitibu ugonjwa huo kwa dawa ninayoichukia, ya kumnyang'anya fundi akili yake na kuihamishia kwenye karatasi ya ofisi. Ila uchunguzi wake ulikuwa sahihi.

Kesho yake sikwenda kwa meneja. Nilikwenda kwa bibi wa meza ya dirishani. Nilimsubiri nje ya geti, nikambebea mfuko wake, tukatembea naye hadi kituo cha bajaji. Nikamwamkia, nikamwuliza bila kuzungukazunguka: kipimo kile kilitoka wapi?

Hakunijibu mara moja. Aliniuliza kwanza kama naulizia ofisi au naulizia mwenyewe. Nikamwambia naulizia mwenyewe. Ndipo akanisimulia msimu mmoja wa zamani, kwenye kiwanda kingine, wenye kiwanda wengine. Mvua zilikuwa nzuri, korosho zimejaa ghala, meneja wa wakati ule akawaahidi wanawake kwamba atakayejaza atapata. Wakajaza. Walikuja na dada zao, waliacha kula mchana. Wengine wakanunua mabati. Msimu uliofuata wakakuta malipo ya kilo yameshushwa, na walipouliza wakaambiwa: si mmeonyesha mnaweza? "Wewe ulikuwa unanyonya," bibi akaniambia. "Hata hao ninaokaa nao leo wengi hawakuwepo. Ila wanajua."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonigeuza, kuliko kitabu chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekitii kipimo kile kwa miaka bila kujua sababu yake. Sababu haikukaa ndani ya kichwa changu. Ilikaa mezani: kwenye konzi mbili, kwenye khanga, kwenye kisu kinachopotea. Kundi lilikuwa linakumbuka jambo ambalo karibu kila mmoja wake hakuliona. Na ofisi, yenye mafaili na kompyuta, ilikuwa hailijui kabisa, kwa kuwa lilitokea kwenye kiwanda kingine, na meneja yule aliondoka na kumbukumbu zake.

Tangu hapo nimeacha kuanza na mtu. Nikiambiwa fulani mchelewaji, fulani mkaidi, fulani mwizi wa muda, nauliza kwanza analipwaje, nani anamtazama, akisema ukweli atapata nini, na mara ya mwisho aliyesema ukweli alipata nini. Mara nyingi nikifika swali la nne nimeshapata jibu. Wapo wakaidi wa kweli, tena ninao wawili. Lakini ni wawili.

Nilimsimulia baba habari za Chicago nikidhani zitamshangaza. Yeye ujana wake aliutumia kufanya kazi kiwanda cha nguo Dar es Salaam, na bado anacho kijitabu cha Mwongozo wa TANU wa 1971, kimeliwa na mende pembeni. Kifungu cha 15 kinamkataza kiongozi ujeuri, dharau na uonevu. Alinikumbusha jinsi wafanyakazi walivyokichukua kifungu hicho kama kilivyoandikwa, wakaanza kuwapima mameneja wao kwacho. Jinsi migomo ilivyofuatana, na jinsi mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walivyokitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. "Hao wenzako wa Chicago walipunguza mwendo," baba akasema, "sisi tulifunga geti." Profesa Issa Shivji ameyaandika mambo hayo kwenye kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Nilikikuta maktaba, kwenye rafu ya siasa, mbali kabisa na vitabu vya menejimenti. Sidhani aliyekipanga alikosea kanuni za ukutubi, ila mwanafunzi wa OB wa hapa kwetu akipita rafu zake peke yake atamaliza akiamini kwamba tabia za watu kazini ni jambo lililogunduliwa Marekani.

Kazini nilianza na mambo madogo, yaliyokuwa ndani ya uwezo wa msimamizi wa zamu. Mpangilio wa kupima ndoo ulikuwa silaha, kwa hiyo nikauondoa: meza zikawa zinazunguka, leo inaanza ya kwanza, kesho ya pili, na ndani ya meza ni kama mlivyokaa. Halafu nikageukia karanga zilizovunjika.

Hapa nitakaa kidogo. Utaratibu ulikuwa kwamba mbanguaji akizidisha vipande anakatwa. Kwa hiyo vipande vilipotea. Vilikwenda kwenye maganda, vilikwenda mfukoni, vilikwenda mdomoni, na vingine vilichimbiwa chini ya karanga nzima vikaibukia kwenye chumba cha kupanga madaraja, ambako lawama iliwaangukia wasichana wa huko. Daftari langu la kila siku lilionyesha meza safi. Mashine yenye kisu butu ilikuwa ikivunja karanga wiki nzima bila mtu kusema, maana kusema ni kujikata mwenyewe.

Nilikuwa nimesoma utafiti wa Amy Edmondson, Mmarekani, aliyechunguza makosa ya kutoa dawa kwenye wodi za hospitali na kuuchapisha mwaka 1996. Alitegemea wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye daftari. Akatafakari hadi akaona kinachoweza kuwa kinatokea, kwamba wodi zile hazikukosea zaidi, zilisema zaidi. Kwingine muuguzi alikuwa akinyamaza kwa kumwogopa mkuu wa wodi.

Nikaomba ruhusa ya kusimamisha makato kwenye zamu yangu kwa muda, kwa sharti kwamba kila kipande kiwekwe kwenye bakuli lake juu ya meza, kipimwe peke yake, na mashine iliyokitoa itajwe. Mabakuli yakajaa. Yalijaa kiasi kwamba hata mimi niliingiwa na baridi. Meneja alipoletewa hesabu aliniita, akavua miwani, akasema kwa upole wa kutisha: "Mama, tangu uanze kusoma, korosho zinavunjika zaidi."

Nikamwambia hazivunjiki zaidi, zinaonekana zaidi. Akaniuliza tofauti ni nini kwa mnunuzi. Swali lake lilikuwa la haki, na mwenye kiwanda cha korosho kusini hii anabanwa pande zote: korosho ghafi anainunua mnadani akishindana na wasafirishaji wanaozipeleka India na Vietnam zikiwa na maganda yake, na viwanda vikubwa tulivyojengewa enzi za miaka ya 1970 na 1980 vingi viliishia kuwa maghala. Nilimwomba tushuke wote karakana. Mabakuli yalikuwa yamezitaja mashine zilezile kwa jina, siku baada ya siku. Fundi akazifungua. Visu vilikuwa vimelika upande mmoja, na kwenye mashine moja upana wa visu ulikuwa umepangwa kwa korosho kubwa wakati tunapewa ndogo. Ilirekebishwa mchana mmoja. Wale akina mama walikuwa wanajua tangu mwanzo wa msimu ni mashine gani. Mmoja aliniambia walikuwa wanawawekea wageni mashine hizo.

Malipo ndiyo yalikuwa mlima. Wakati huo meneja alikuwa ametoka kwenye semina Dar es Salaam, ambako naye alisimuliwa habari za Hawthorne, ila za aina nyingine: kwamba wale wasichana wa chumba cha swichi walizidisha kazi kwa sababu tu walijaliwa na kusikilizwa. Akarudi amebadilika. Kila asubuhi akapita meza zote akisalimia, shikamoo kwa bibi, habari za watoto kwa wengine. Ijumaa akaleta soda. Wanawake walipokea salamu, wakanywa soda, na jioni ndoo zikafika kwenye mizani zikiwa zimelingana vilevile. Kwa kweli nilimwonea huruma. Salamu zile zilikuwa njema na nisingependa aziache.

Nikamwambia kisa kile kina kipande ambacho semina imekiruka. Wasichana wale walipotengwa, namna ya kuwalipa ilibadilishwa. Awali pato lao lilihesabiwa pamoja na idara ya watu wapatao mia. Chumbani likahesabiwa kwa kikundi chao kidogo, kwa hiyo kila mmoja aliliona jasho lake kwenye mshahara. Isitoshe, wawili walioonekana wanaongea mno na kutoshirikiana walitolewa mwanzoni mwa 1928 wakaletwa wengine, na kazi ikapanda baada ya hapo. Msomi wa Australia, Alex Carey, aliyakusanya haya mwaka 1967 akawashambulia vikali walioihubiri Hawthorne kama ushindi wa upole peke yake. Mimi siendi mbali kama Carey. Naamini kusikilizwa kuna uzito. Kampuni ile iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, na huwezi kusoma walivyomwaga yaliyo moyoni ukabaki na shaka. Ila soda bila kilo ni soda.

Niliandika ukurasa mmoja. Nikaomba malipo ya kilo yaandikwe kwenye karatasi, yasainiwe, yabandikwe kando ya mizani, na karatasi iseme wazi kwamba hayatashushwa msimu huu hata ndoo zikijaa vipi. Meneja akasema ahadi ipo tayari kwa mdomo. Nikamwambia ya mdomo walishawahi kuipata. Ilichukua vikao, ikaingia mpaka kwa mwenye mali, ikamhusisha mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akichukua kalamu. Karatasi ikabandikwa. Niliisoma kwa sauti mbele ya zamu zote mbili, na wapo walioniomba niirudie.

Meza nyingine zilianza kusogea taratibu. Kwanza kilo moja moja, kama wanaopima kina cha maji kwa mguu, kisha zaidi. Mgeni mmoja kutoka Newala, binti mwenye vidole vya ajabu, alijaza hadi karani akapima mara mbili, na hakupoteza kisu. Hilo lilinifurahisha kuliko kilo zenyewe.

Meza ya dirishani haikusogea. Ndoo zake zinafika kama zilivyokuwa zikifika nilipokuwa nimekaa pale. Nilipomwuliza bibi alinijibu bila kuacha kuchokonoa: "Karatasi ni ya msimu huu, mwanangu. Sisi tulishushiwa msimu wa pili." Aliniita mwanangu ndani ya geti, mbele za watu, nami nikasahau nilichokuwa nimepanga kumjibu.

Meneja ana wazo lake. Anataka meza hiyo ivunjwe, kila mmoja akakae kwingine, kikundi kitawanyike. Anasema nimemfundisha mwenyewe kwamba tatizo ni kundi. Sikumfundisha hivyo, ila naona alikopita hadi kufika hapo, na ndipo ninapoiogopa elimu hii: anayeijua anaweza kuitumia kuwatenganisha watu kwa urahisi kuliko asiyeijua. Nilimpelekea maandishi ya Eric Trist na Ken Bamforth ya mwaka 1951 kuhusu migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth alikuwa mchimbaji kwa miaka 18 kabla ya kuwa mtafiti, na inaonekana katika kila ukurasa. Kabla ya mitambo mipya, wachimbaji walifanya kazi wawili watatu, waliochaguana wenyewe, na mmoja akiumia wenzake waliibeba familia yake. Mitambo ikaja, vikundi vikavunjwa, watu wapatao 40 wakagawanywa kwenye zamu tatu, kila mmoja na kipande chake cha kazi. Mitambo ilikuwa bora. Uzalishaji haukufuata. Zamu zikaanza kulaumiana gizani, utoro ukaongezeka, na hakuna aliyekuwa akimjua wa kumbeba.

Nikamwonyesha pia kwenye daftari langu: meza ya dirishani ndiyo yenye vipande vichache kuliko zote, haina utoro, na wageni wote wenye mikono mizuri walianzia pale, mimi nikiwa mmojawapo. Ukiitawanya utapata kilo za wiki mbili na utapoteza shule.

Hakukubali, hakukataa. Tumeafikiana kwamba karatasi ya msimu ujao itasainiwa kabla minada haijaanza Oktoba, malipo yaleyale au zaidi, na meza isiguswe mpaka ndoo zake za msimu wa pili zipimwe. Amenipa hadi Desemba.